Mkeka na kazi yake: historia fupi ya mikeka huku Kavimvira



Katika vijitabu kama hiki tumezoea kusoma habari za mambo makubwa: mababu na bami, vita, kuhama kwa makabila, mahari na ngoma. Mara hii tumechagua kitu kidogo, kitu cha kulalia. Wengine watacheka na kuuliza: mkeka nao una historia? Tunajibu kwamba unayo, na tena historia hiyo inatuhusu sana sisi tunaokaa Kavimvira, kati ya mlima na ziwa, karibu na pale Ruzizi inapoingia Tanganyika na pale mpaka wa Burundi unapopita.

Leo anayeingia sokoni na kusema "niko natafuta mukeka" anaonyeshwa mikeka ya plastiki, imeviringishwa na kusimamishwa kama magogo. Maswali yanayobaki ni mawili tu: rangi gani, na bei gani. Kwa mama aliyesuka kwa mikono yake swali la kwanza lilikuwa lingine: "Ni ya kufanyia nini?" Ya kulalia? Ya kukalisha wageni? Ya kuanika muhogo? Ya kilio? Kila kazi ilikuwa na mkeka wake, na kila mkeka ulikuwa na jani lake. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza: wazee wetu hawakununua mkeka, walichagua mkeka. Na ujuzi huo wa kuchagua unapotea mbele ya macho yetu.

1. Majani tuliyopewa na bonde

Tuanze na nchi yenyewe, maana mkeka ni mtoto wa mahali. Ruzizi inatoka ziwa Kivu, inateremka kati ya milima, halafu inatulia katika bonde pana mpaka inapofika ziwani kwa mikono miwili, mkubwa na mdogo. Pale chini maji yanasimama, na mabwawa yanaota mimea mirefu. Mimea miwili ndiyo inayotuhusu zaidi. Wa kwanza ni mafunjo, ambayo ndugu zetu Warundi wanayaita urufunzo. Ni mmea wenye bua la pembe tatu na kichwa kama nywele zilizosimama. Wa pili ni matete, magumu na yenye uwazi ndani kama mwanzi mdogo.

Mbali kidogo na maji, katika ardhi kavu ya bonde, kuna mitende ya pori. Mkoma, ambao wengine wanauita mkoche, unajulikana sana upande wa Burundi. Hifadhi ya Rusizi, iliyolindwa tangu mwaka 1980, ina sifa kwa mitende hiyo. Majani yake yamefunguka kama kipepeo cha kupepea moto. Ukiyapasua na kuyakausha, unapata nyuzi pana na ngumu za kusukia. Mkindu una jani jembamba zaidi, na kutoka kwake unapatikana ukindu, ambao ni laini na unakubali rangi.

Kazi ya mafunjo na kazi ya ukindu ni tofauti kabisa, na hapa ndipo kuchagua kunapoanza. Mafunjo hayasukwi kama nywele. Mabua yanakatwa, yanaanikwa, yanapangwa moja pembeni ya lingine, halafu yanaungwa kwa kamba zinazopita katikati ya mabua hayo. Kwa sababu hiyo mkeka wa mafunjo unaviringishwa kwa upande mmoja tu. Ukitaka kuukunja kama nguo, unavunjika. Ukindu, kwa upande mwingine, unachanwa chane ndogo-ndogo, unasukwa ukili mrefu kama mkanda, kisha ukili huo unashonwa duara kwa duara mpaka upana utoshe. Huu unakunjwa, unafuliwa, unatandikwa tena. Wa kwanza unaweza kumalizika kwa siku chache. Wa pili unaomba subira ya majuma.

2. Misafara na virago

Wageni wa kwanza kuandika juu ya mji wetu kwa lugha za Ulaya ni Waingereza wawili, Burton na Speke. Walitoka Ujiji kwa mitumbwi, na wakafika Uvira mwisho wa mwezi wa nne, mwaka 1858. Walikuwa wanatafuta kujua kama Ruzizi inatoka ziwani ama inaingia. Hawakufika kwenye mto wenyewe, lakini watoto wa mfalme wa mahali waliwaambia wazi kwamba unaingia. Stanley na Livingstone walikuja kuhakikisha jambo hilo kwa macho yao mwaka 1871. Wenyeji walikuwa wanalijua siku zote, kwa sababu walikuwa wanakata mafunjo pale pale.

Lakini Burton na Speke hawakufungua njia. Walifuata njia ya wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, waliokuwa wanatoka Bagamoyo kupitia Tabora mpaka Ujiji. Uvira ilikuwa kituo chao cha mwisho upande wa kaskazini. Pembe za ndovu zilipita hapa. Watumwa nao walipita hapa, na hilo hatuwezi kulificha tukiandika historia ya kweli. Pamoja na bidhaa na maumivu hayo, lugha ya Kiswahili ilifika, dini ya Kiislamu ilifika, na majina ya mikeka yalifika.

Mpagazi wa msafara alibeba mzigo wa bwana wake kichwani ama begani, na juu yake akafunga vitu vyake mwenyewe: chungu, chakula kidogo, na kirago cha kulalia. Kirago kilikuwa mkeka wa safari, mwepesi na wa bei ndogo. Jioni kilifunguliwa, alfajiri kilifungwa. Ndiyo maana mpaka leo Kiswahili kinasema "kufunga virago" kwa mtu anayeondoka mahali na vitu vyake vyote, hata kama anasafiri kwa ndege na hajawahi kulala juu ya majani. Na upande wetu Warundi wanasema ikirago, na Wanyarwanda vilevile, kwa mkeka wa nyumbani. Basi mpagazi aliyetoka mbali, akifika ziwani na kuomba kirago, aliweza kueleweka. Neno moja lilikuwa limekaa kwenye miisho miwili ya njia.

Kutoka pwani yalikuja pia majina mengine. Jamvi ni mkeka mkubwa, wa nyuzi pana, usio na urembo, wa kukalisha watu wengi. Msala ni mkeka mdogo wa kuswalia, wa mtu mmoja. Neno hili linachekesha hapa kwetu, kwa sababu wengi wakisikia "musalani" wanafikiri choo tu. Kumbe neno la asili ni la Kiarabu, lina maana ya mahali pa sala, na pwani wanalitumia kwa maana zote mbili. Busati nayo ilikuwa mkeka wa mistari uliotoka upande wa Oman na Maskati, mkeka wa kifahari kwa nyumba za matajiri.

3. Kila kazi na mkeka wake

Tukija sasa kwenye uchaguzi wenyewe, tuanze na usingizi. Ndani ya bua la funjo kuna nyama nyeupe, nyepesi kama sponji, iliyojaa hewa. Kwa hiyo kirago cha mafunjo kinazuia baridi ya udongo kupanda mgongoni, na mbavu hazilalamiki. Kwa mtu wa milimani, upande wa Lemera ama Itombwe, ambako usiku ni baridi kweli, hicho ndicho kilichofaa. Kwa mtu wa chini kama sisi, ambaye usiku wa joto anageuka-geuka akitafuta upepo, mkeka wa kusukwa ni bora, maana haushiki joto la mwili. Kitu kimoja, watu wawili, majibu mawili. Anayeishi juu hamwigi anayeishi chini.

Kirago kilikuwa na adui wawili: maji na kunguni. Kikilowa, kinaoza. Kisipotolewa juani, wadudu wanajificha kati ya mabua. Ndiyo sababu mama mwenye nyumba safi alionekana asubuhi akitoa virago nje na kuvipiga kwa fimbo. Mkeka wa ukindu ulikuwa na nafuu hapo, kwa sababu unapanguswa kwa maji. Lakini ulikuwa ghali, na haukulaliwa ovyo.

Huo wa ukindu, hasa wenye rangi, ulikuwa wa mgeni. Ulikaa umeviringishwa pembeni mwa nyumba. Mgeni akifika, mama alimwambia mtoto: "Leta mukeka, shangazi akae." Mtoto aliyeleta mkeka wa kila siku alirudishwa kwa macho tu, bila neno. Kumtandikia mtu mkeka kulikuwa kumpa heshima kabla hajafungua kinywa. Pwani mkeka umeingia hata katika ndoa. Kule wanasema "ndoa ya mkeka" kwa kijana na binti waliokutwa pamoja wakafungishwa ndoa papo hapo, bila maandalizi, juu ya mkeka uliokuwepo. Kwa maneno hayo unaelewa kwamba ndoa yenye heshima ilihitaji zaidi ya mkeka uliookotwa.

Kwa kilio, kazi ilikuwa ya jamvi. Hapa kwetu mtu akifa, wanawake wanakaa chini, siku nyingi, mabega yakigusana, na wanaume wanakaa nje. Hakuna nyumba moja iliyokuwa na majamvi ya kutosha. Majirani walileta yao, na baada ya matanga kila mtu alirudi kuchukua lake. Aliyekataa kuazimisha jamvi alijulikana, na siku yake ilipofika alikumbushwa. Basi jamvi lilikuwa kama daftari la ujirani. Kiswahili kimebaki na msemo wa "jamvi la wageni" kwa mtu ambaye kila mmoja anamkalia na hakuna anayemjali, lakini katika kilio jamvi lenyewe lilijaliwa sana.

Na marehemu mwenyewe? Katika bonde hili na katika Burundi, kabla ya masanduku ya mbao kuenea, maiti aliviringishwa katika mkeka na kupelekwa kaburini hivyo. Mtu alipokelewa juu ya mkeka, alilala juu yake miaka yote, na alisindikizwa nao. Tunaomba wasomaji wakumbuke jambo hili wanapouona mkeka kama kitu cha maskini. Ulikuwa kitu cha mwisho ambacho familia ilimpa mtu wao.

Inabaki kazi ya jua. Ndagala wanaotoka ziwani usiku wanataka kukauka siku hiyo hiyo. Ukiwaanika juu ya mchanga, mchanga unaingia katika mboga, na mlaji anausikia katika meno. Mkeka mgumu wa matete, ulioinuliwa kidogo juu ya mawe ama miti, unapitisha upepo chini, na samaki wanakauka pande zote. Vichanja vya waya tunavyoviona siku hizi vinafuata akili ileile. Muhogo wa bugali nao unaanikwa, lakini unga wake unapenya katika mianya, kwa hiyo unataka mkeka uliosukwa kwa kubana. Sheria moja haikuandikwa popote na kila mtoto aliijua: mkeka wa ndagala haurudi chumbani. Tena watoto wa huku wanapenda kucheza na maneno, kwa sababu mukeke ni samaki wa ziwa letu na mukeka ni wa kulalia. Lakini mukeke juu ya mukeka ya kulalia, hapana.

4. Wengine nao walichagua

Tusifikiri kwamba jambo hili ni letu peke yetu. Wajapani walifanya mkeka wao wa majani, tatami, kuwa kipimo cha nyumba: ukubwa wa chumba unatajwa kwa hesabu ya mikeka inayoingia. Waislamu wamepokea katika hadithi kwamba Mtume aliswali juu ya mkeka mdogo wa majani ya mtende. Msala wa ukindu wa mwambao ni ndugu wa mkeka huo, ingawa leo sajada za kitambaa zimechukua nafasi yake katika nyumba nyingi.

Na siku hizi vijana wetu, hasa waliopita Nairobi ama Ulaya, wanaulizia mkeka wa yoga, mazoezi yaliyotoka Uhindi. Wanauliza upi unafaa: mnene ama mwembamba, wa mpira ama wa plastiki. Ni swali zuri, kwa kuwa ni swali la bibi zetu lililorudi kwa mlango mwingine. Wahindi wa kale hawakuwa na mpira. Kitabu chao kitukufu, Bhagavad Gita, kinaeleza kiti cha mtu anayetaka kutuliza akili: nyasi za kusha, ngozi ya paa, na kitambaa. Nyasi zilitosha, kwa sababu kazi ilikuwa kukaa kimya. Yoga ilipofika Ulaya na Marekani, watu walizidisha mazoezi ya kusimama kwa miguu wazi juu ya sakafu laini, na wakateleza. Katika miaka ya 1980 mwalimu mmoja Mwingereza, Angela Farmer, alitumia sponji ya Ujerumani iliyotengenezwa kuwekwa chini ya mazulia, na kutoka hapo mikeka ya kunata ikaenea. Kazi ilibadilika, mkeka ukabadilika.

Kwa hiyo tukimjibu kijana wetu, tutamjibu kwa kipimo kilekile. Kama unakaa, unalala chali na kunyoosha viungo taratibu, kirago cha mafunjo kinakutosha, na mgongo utakishukuru. Kama unasimama na kupanua miguu juu ya saruji, usijaribu mkeka wa ukindu, utateleza, na kirago kitavunjika chini ya kisigino. Hapo mpira ndiyo wenye haki. Hakikisha tu unauzidi urefu wako kidogo. Na kama magoti yako yanauma, tafuta ulio mnene. Kama unapoteza usawa ukisimama kwa mguu mmoja, tafuta ulio mwembamba, ili mguu uisikie ardhi.

5. Plastiki, vita na maji

Je, plastiki ilishinda kwa ujanja? Hapana. Tukiwa wakweli, ilishinda kwa sababu inajibu shida zetu. Kavimvira ni mlango. Mwaka 1972 na mwaka 1993 Warundi walikimbilia huku. Mwaka 1996 vita ilipoanza upande wetu, ni sisi tuliofunga virago. Mwaka 2015 Warundi walikuja tena, wengi wakapitia kituo cha mapokezi hapa Kavimvira kabla ya kupelekwa Lusenda. Desemba 2025 vita ilipoingia Uvira, maelfu ya watu walivuka kuelekea Burundi. Katika nyakati hizo mashirika kama HCR yaligawa blanketi, turubai (shitingi, kama tunavyosema) na mkeka wa plastiki, kama mita 1.80 kwa sentimita 90. Mkeka huo hauulizi kabila, haulowi, hauli nafasi. Aliyelala juu yake katika mvua hawezi kuudharau.

Tena kuna maji. Mwezi wa nne mwaka 2020 mito ilifurika Uvira, watu wakafa, nyumba zikaenda. Kuanzia miaka hiyo ziwa lenyewe limepanda mara kwa mara, na mwaka 2024 maji yalikaa ndani ya nyumba na juu ya barabara huku Kavimvira. Kirago cha mafunjo hakiwezi kushindana na hali hiyo. Usiku mmoja ndani ya maji, na kazi yote imekwisha. Plastiki inaoshwa na kuanikwa, na asubuhi inalaliwa.

Lakini plastiki ina gharama yake. Juu yake mtu anatoka jasho. Jua linaikausha mpaka inakatika vipande, na vipande hivyo vinakwenda mtoni na ziwani, wakati kirago kilichochakaa kinarudi kuwa udongo. Zaidi ya hayo, mkeka mmoja kwa kazi zote unafuta tofauti ambazo wazee walizilinda: wa mgeni na wa nyumbani, wa sala na wa samaki, wa harusi na wa kilio. Mtoto anayekua na mkeka mmoja hajui kwamba kuna mahali pa kumheshimu shangazi zaidi ya pale anapokaa yeye mwenyewe.

Hitimisho

Hatuombi watu watupe plastiki na kurudi kwenye mabwawa. Tunaomba mambo mawili tu. La kwanza, kila anayenunua mkeka ajiulize kwanza ni wa kazi gani, ndipo aulize bei. Hata kati ya mikeka ya plastiki mtu anaweza kutenga mmoja wa mgeni na kuuweka safi. La pili, wanaokata na kusuka bado wapo, lakini wengi ni wazee. Tuwaendee. Tuandike majina ya majani, ya mishono na ya mikeka katika Kivira, Kifuliru, Kibembe na Kirundi, jina moja baada ya jingine, pamoja na kazi ya kila mkeka. Walimu wanaweza kuanza kazi hiyo na wanafunzi wao: kila mtoto amuulize bibi yake swali moja, "Bibi, hii mukeka ilikuwa ya nini?"

Jibu litakuwa refu kuliko tulivyoandika hapa. Ni vizuri likusanywe wakati bado kuna anayelijua.